Mbwa wa manyoya ya kipilipili: mkato mfupi au mrefu, mashine ya kinyozi au ya mbwa?

Kabla hujachagua mkato wa mbwa wako kwenye picha za Instagram, jiulize ni nani atakayeshika kitana Jumanne jioni. Kwenye nyumba nyingi za Dar zenye poodle, bichon, au machotara wao kama cockapoo na labradoodle, anayemwogesha na kumchana mbwa ni kijana wa bustani, dada, au mlinzi wa zamu ya mchana. Urefu wa manyoya unaouchagua ndiyo kazi unayomkabidhi. Ukikosea hapo, hata mashine ya bei mbaya haitasaidia.

Manyoya ya mbwa hawa yanakua bila kukoma, kama sentimita moja kwa mwezi. Unyoya uliokufa hauanguki sakafuni, unanaswa ndani ya mapindo ya wenzake. Fundo linaanzia hapo, chini karibu na ngozi, huku juu mbwa anaonekana msafi kabisa. Watu huwasifia kwamba hawatoi manyoya, na kwa upande wa kochi ni kweli. Deni linalipwa kwenye kitana.

Mfupi na mrefu

Tuseme mfupi ni milimita 6 hadi 13 mwilini, na mrefu ni kuanzia sentimita 3.

Mbwa mdogo wa kilo 6 au 7 mwenye mkato mfupi anahitaji kuchanwa mara 2 kwa wiki, dakika 10 kila mara, na kunyolewa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Huyo huyo akiwa na manyoya ya sentimita 4 anataka dakika 20 hadi 30 karibu kila siku, na kupunguzwa kwa mkasi kila wiki 4 hadi 6. Akiachwa siku tano wakati wa masika, fundo la kwanza utalikuta nyuma ya sikio, la pili kwapani, la tatu chini ya mkanda wa shingo.

Kwa hali ya hewa ya hapa, mfupi una faida tatu. Unakauka haraka, na hilo ni jambo kubwa mwezi Aprili ambapo hata taulo halikauki. Kupe unamgusa kwa kidole bila kumtafuta, wakati kwenye manyoya marefu lazima ufunue tabaka kwa tabaka. Na kupe wa kahawia wa mbwa ndiye anayeleta ehrlichia na babesia, ile watu wanayoiita homa ya kupe. Tatu, mchanga. Mbwa anayekwenda Coco Beach anarudi na chumvi na mchanga ambavyo suuza moja ya maji baridi inavitoa kwenye milimita 10, lakini haivitoi kwenye sentimita 4.

Mfupi una hasara zake pia. Ngozi ya poodle mweupe au bichon ni ya waridi na inaungua jua. Mwilini usishuke chini ya milimita 6 isipokuwa umelazimishwa na mafundo, na ukilazimika, mbwa asilale kwenye kibaraza saa sita mchana kwa wiki mbili tatu. Tena usitegemee mkato mfupi umpoze kama unavyompoza mtu: mbwa anajipoza kwa kuhema, na manyoya yasiyo na fundo humpa kivuli chake mwenyewe. Joto linalomtesa zaidi ni la godoro la mafundo lisilopitisha hewa.

Jambo moja hapa halina mjadala. Kama mbwa wako ana manyoya ya ndani laini na ya nje magumu, kama German shepherd au husky, haya yote hayamhusu, huyo hanyolewi. Baadhi ya labradoodle wamerithi tabaka hizo mbili. Fungua manyoya ya mgongoni kwa vidole uangalie kabla hujawasha mashine.

Njia ya kati ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi: mwili, shingo na tumbo milimita 6 hadi 10, miguu sentimita 2, kichwa na mkia viachwe vya duara kwa mkasi. Sura ya mbwa inabaki, na sehemu za kuchana kila siku zinapungua kuwa masikio, kidevu na mkia. Kuanzia miezi 9 hadi karibu mwaka na nusu, manyoya ya utoto yanapobadilishana na ya ukubwani, mafundo yanaongezeka ghafla, na mwenye mbwa hudhani dada amekuwa mvivu. Kipindi hicho mfupi haukwepeki.

Mashine ya kinyozi na mashine ya mbwa

Mashine ya kinyozi ipo kila duka Kariakoo, ni rahisi, na inamaliza kichwa cha mtu kwa dakika 15. Kwenye mgongo wa poodle inakwama. Manyoya ya mbwa ni mengi zaidi kwa kila sentimita ya ngozi na membamba zaidi, na meno ya mashine ya kinyozi yamebanana, hivyo manyoya yanasongamana mbele ya meno badala ya kuingia kati yake. Mota inalemewa, meno yanapata moto, mashine inaanza kung'oa badala ya kukata. Mbwa akishang'olewa mara mbili, mara ya tatu hatakubali kukaa mezani, na kosa hilo halifutiki kwa biskuti.

Mashine ya mbwa ina mota yenye nguvu na bledi, yaani kipande chote cha meno ya chuma, inayochomoka na kubadilishwa. Hapo ndipo namba zinapowachanganya watu, kwa sababu zinakwenda kinyume na za saluni. Kwa kinyozi, namba ikipanda, nywele zinabaki ndefu. Kwenye bledi ya mbwa, namba ikipanda, manyoya yanabaki mafupi.

| Urefu unaobaki | Kitana cha mashine ya kinyozi | Bledi ya mbwa |
|---|---|---|
| mm 1.5 | nusu | 10 |
| mm 3 | 1 | 7F |
| mm 6 | 2 | 5F |
| mm 10 | 3 | 4F |
| mm 13 | 4 | 3F |

Hizo ni za kunyoa kufuata mlalo wa manyoya. Ukienda kinyume na mlalo, bledi ile ile inaacha karibu nusu ya urefu huo. Herufi F maana yake meno yote yana urefu mmoja. Za namba 3 hadi 7 zipo pia zisizo na F, ambazo jino moja refu linafuatwa na fupi. Zinapita vizuri kwenye manyoya mazito, lakini nafasi kati ya meno inatosha kunasa ngozi ya kwapa au ncha ya sikio. Kwa namba hizo, anayeanza anunue za F tu. Bledi mbili zinatosha kwa mwaka wa kwanza: 10 kwa nyayo na sehemu za haja, na 5F au 4F kwa mwili.

Vitana vya plastiki vya kuvalisha juu ya bledi vinashawishi kwa sababu seti moja inakupa urefu nane. Vinafanya kazi kwenye manyoya yaliyooshwa, kukaushwa na kuchanwa hadi mwisho. Kikikutana na fundo kinasimama, na ukisukuma kinachomoka. Chini yake umefunga bledi 30, ya nusu milimita. Mbwa anabaki na njia nyeupe katikati ya mgongo kama barabara ya vumbi iliyochongwa na greda, na suluhisho ni kumshusha mwili mzima afanane nayo au kusubiri miezi miwili.

Mashine ya kinyozi usiitupe. Ile ndogo ya kuchonga ndevu ni nzuri sana kwa manyoya kati ya vidole, haina kelele na haitishi.

Ya waya na ya betri

Ya waya haichoki katikati ya kazi, na mara ya kwanza utatumia muda wa saa mbili au tatu. Ya betri haikwami umeme ukikatika, na mbwa hakanyagi waya. Kwa mbwa mmoja mdogo tungenunua ya betri. Kwa labradoodle wa kilo 25, ya waya.

Tahadhari ni kwa zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Mashine ya waya iliyoandikwa volti 120 ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa, inaungua palepale. Transfoma inashusha volti, lakini hezi zinabaki 50 wakati mashine ilitengenezwa kwa 60, na zile za mota ya sumaku zinagonga au kukosa nguvu. Ya betri yenye chaja iliyoandikwa 100–240 haina shida hiyo.

Zote mbili zinapata moto. Kila dakika tano weka bledi upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Kama huwezi kuiacha hapo, usiiweke kwenye tumbo la mbwa. Zima, ibadilishe au iache ipoe juu ya kigae, tia matone mawili matatu ya mafuta ya mashine kwenye meno, kisha futa. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi. Na bledi ikiwa butu usimpe yule mnoa visu wa baiskeli: bledi inanolewa kwa kusagwa juu ya bamba bapa, pande zote mbili zikae sawa kabisa, na jiwe lake la mviringo linaimaliza kwa dakika moja. Kinachoua bledi haraka kuliko vyote ni kunyoa mbwa mchafu. Mchanga ni msasa.

Brashi na kitana

Unahitaji vyote viwili, kwa hiyo hapa hakuna kuchagua. Brashi ya sindano, ile yenye waya nyembamba zilizopinda, inafungua. Kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na ya karibu upande mwingine kinapima. Brashi ya nywele za watu inateleza juu na kuacha chini palepale palivyokuwa; ndiyo maana mtu anaapa kwamba mbwa amechanwa jana, na kweli amechanwa, juu juu.

Fanya hivi: mlaze mbwa ubavu, bonyeza manyoya kwa kiganja cha kushoto uyafunue hadi uone mstari wa ngozi, chana manyoya machache yaliyo chini ya mstari, sogeza mstari sentimita moja juu, rudia. Kisha pitisha kitana kuanzia kwenye ngozi. Kikipita bila kusimama, umemaliza sehemu hiyo. Kikisimama, hujamaliza, hata kama panapendeza.

Fundo: kulifungua au kulinyoa

Hapa ndipo ajali nyingi za nyumbani zinapotokea, na karibu zote ni za mkasi.

Fundo la kwapani au nyuma ya sikio likikaa wiki mbili linavuta ngozi kuingia ndani yake. Ukilishika na kuliinua, ngozi inainuka nalo kama hema, na wewe unaona manyoya tu. Mkasi unapita chini ya fundo, unakata, halafu unaona damu. Ngozi ya mbwa pale ni nyembamba na jeraha linafunguka kama mdomo. Ni la kushonwa kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo kanuni ni moja: mkasi hauingii kati ya fundo na ngozi. Kama ni lazima utumike, kata fundo lenyewe kwa urefu, ncha ikielekea nje, uligawe vipande viwili au vitatu, kisha ufungue kila kipande kwa kitana.

Fundo dogo kuliko kokwa ya ukwaju linafunguka. Nyunyiza konfloa kidogo, shika manyoya kwa vidole viwili kati ya fundo na ngozi ili mvuto uishie mkononi kwako, anza kuchana kutoka ncha kurudi ndani. Mafuta ya nazi yanafungua pia, lakini usipoyaosha siku hiyo hiyo yanakusanya vumbi na Jumamosi una fundo jipya. Usiloweshe fundo kwa maji kabla halijafunguliwa. Manyoya yaliyolowa na kukauka yakiwa yamefungana yanakaza kama sufi.

Kama dakika tano zimepita na halijalegea, nyoa. Bledi 10, ilale bapa juu ya ngozi, vuta ngozi iwe tambarare kwa mkono mwingine, ipite taratibu chini ya fundo. Angalia sana ule utando wa ngozi unaounganisha paja na tumbo: ukiacha ulegee, unaingia kwenye meno.

Mbwa aliyegandamana mwili mzima anyolewe wote. Kumfungua ni kumtesa muda wa saa nne kwa ajili ya sura, na mwenye maumivu au vidonda chini apelekwe kwa daktari apewe dawa ya kumtuliza. Masikio yaliyokuwa na godoro zito yakishanyolewa, mbwa hutikisa kichwa kwa nguvu kwa sababu damu imerudi na uzito umetoka, na mishipa inaweza kupasuka sikio likavimba kama puto. Siku ya kwanza yafunge kwa upole na soksi iliyokatwa ncha, ikipita kichwani bila kubana koo.

Maji, sabuni na kukausha

Kuchana kunatangulia kuoga, daima. Maji ya kisima ya Dar mara nyingi yana chumvi; sabuni haitoi povu na manyoya yanabaki makavu kama katani. Kama una ndoo moja tu ya maji ya bomba au ya mvua, itunze kwa suuza ya mwisho. Mbwa mdogo anatumia ndoo mbili za lita 20. Shampuu iwe ya mbwa, iliyochanganywa na maji kama chupa inavyosema. Sabuni ya unga na ya mche zinakausha ngozi na kuleta mwasho, na mbwa akijikuna anatengeneza mafundo mapya. Kama anawekewa dawa ya kupe ya matone ya shingoni, nyingi zinataka asiogeshwe siku mbili kabla na mbili baada. Soma kasha lake.

Kukausha kwa jua ni bure na kunafaa kwa mkato mfupi. Kwa mrefu kunaharibu kazi yote: pindo linajirudi likikauka, na mkasi ukipita juu ya pindo unakata visivyo sawa, kesho mbwa anaonekana kama aliyegugunwa na panya. Unyevu uliobaki kwenye ngozi unaleta harufu, halafu kidonda chenye majimaji kinachokua kwa siku moja.

Draya inanyoosha. Kandamiza maji kwa taulo bila kusugua, weka draya joto la chini, umbali wa sentimita 25 hivi, mkono wako uwe ndani ya upepo muda wote, na brashi ipite pale pale upepo unapopiga hadi unyoya usimame wima. Ndipo usogee. Draya ya wati 2,000 kwa nusu saa inakula uniti moja ya LUKU, kwa hiyo kisingizio cha umeme ni kidogo. Kisingizio cha joto la sebuleni ni kikubwa zaidi, ndiyo maana kazi hii ianze saa moja asubuhi.

Sehemu za mkasi tu

Uso. Mkasi mdogo wenye ncha za duara, shika kidevu kwa ndevu zake, ncha zielekee puani au juu, zisielekee jicho. Masikio: pitisha vidole hadi upate ukingo wa ngozi, kata nje ya vidole vyako. Manyoya ya ndani ya sikio lenye afya usiyang'oe. Kung'oa kunaacha vidonda vidogo ambavyo kwenye unyevunyevu huu vinaalika bakteria. Kucha nyeusi kata vipande vyembamba, na ukiona kitone cheusi chenye unyevu katikati, simama. Damu ikitoka, bandika konfloa na ubonyeze dakika tatu.

Nyumbani au kwa fundi

Gawanya bei ya mashine, bledi mbili, brashi, kitana na mkasi kwa bei unayotozwa kunyoa mara moja. Jibu ndilo idadi ya safari za kufidia, na kwa anayeishi Chanika au Kigamboni ongeza nauli ya bajaji au teksi, maana daladala haichukui mbwa. Ila hesabu hiyo haijumuishi mgongo wako, wala mbwa anayeuma. Mbwa anayeuma mpeleke kwa fundi.

Wengi wanaishia pazuri wakichanganya: kuchana, kuosha, nyayo na sehemu za haja nyumbani kila wiki, na fundi mara tatu au nne kwa mwaka kwa ajili ya kichwa na umbo. Ukimpeleka, usimwambie "mpige namba nne". Kama alijifunzia saluni atamwachia milimita 13, na kama alijifunzia kwenye bledi za mbwa atamshusha hadi 10. Taja milimita, na umwonyeshe kwa kidole na gumba.